Bibi Huzuni na Fomu Zenu

Asanteni. Ratiba inasema nitazungumzia tafsiri ya tovuti kwa wateja wa Kihispania. Sitaizungumzia. Watafsiri mnao, tena hodari. Nitazungumzia fomu, na mlionisikia mwaka jana mnivumilie, maana fomu zenu ni zilezile.

Kampuni moja, jina nalihifadhi, iliniita ikiwa imeshatafsiri tovuti nzima. Kurasa zinapendeza, Kihispania kimenyooka. Nikajisajili kwa jina la Peña. Papo hapo maandishi mekundu: jina si sahihi. Jina la ukoo, limetoka kwa babu, mashine inamwambia mwenyewe si sahihi! Nikamwuliza fundi, akanijibu, "Si aandike n ya kawaida tu?" Haya, nikaandika Pena. Barua ya kumkaribisha mteja ikaja na jina hilo, na pena kwa Kihispania ni huzuni. Karibu sana, Bibi Huzuni, ujinunulie.

Na huyo ana nafuu. Año ni mwaka. Ondoa kile kiwimbi juu ya n, unabaki na tundu la haja kubwa. Naona mnacheka. Sasa kumbukeni salamu za mwaka mpya mlizowatumia wateja.

Kuna mtu pale nyuma anajiandaa kusema kwamba wasemaji wa Kihispania wenyewe kwenye ujumbe wa simu hawaweki alama. Hawaweki, kweli. Hata mimi namwandikia ndugu yangu kwa vifupisho, lakini benki ikiniandikia hivyo nahamisha pesa zangu. Mwingine ataniletea pasipoti: ile mistari miwili ya chini haina ñ. Sawa, ile ni ya mashine. Tazama juu yake, pale binadamu anaposoma, ñ imekaa mahali pake. Jumuiya ya Ulaya ililalamika kwamba Uhispania kudai kibodi zenye ñ ni kuzuia biashara, na mwaka 1993 Uhispania ikatoa amri ya kuilinda herufi yake. Ulaya nzima ilishindwa, itakuwa kisanduku cha jina kwenye fomu yako?

Tena hicho kisanduku ni kimoja, na mteja ana majina mawili ya ukoo. Kwa desturi la baba hutangulia, la mama hufuata. Mwandishi Gabriel García Márquez ni García Márquez, unamtafuta kwenye G. Mhudumu wako anamtafuta kwenye M, hamwoni, anamwambia mteja hana akaunti. Na mke kwa kawaida habadilishi jina akiolewa, kwa hiyo mfumo unaotaka mume na mke wafanane jina unawakataa watu waliofunga ndoa halali.

Muda umekwenda, mwenyekiti ananitazama. Mengine nayapitia mbiombio. Kihispania kipi? Kompyuta Uhispania ni ordenador, Meksiko ni computadora. Coger Uhispania ni kuchukua tu. Meksiko na Argentina ni tendo la chumbani, kwa hiyo usiliweke kwenye kitufe. Bendera ya Uhispania kama alama ya lugha, iondoeni. Lugha hii ni rasmi katika nchi 20, na kuna mamilioni ya wasemaji wake Marekani ambao si Wahispania. Namba: 1.500 Uhispania ni elfu moja na mia tano, Meksiko ni moja na nusu. Bei hiyo, jamani, bei! Simu ya huduma kwa wateja nilitaka kuisemea kwa urefu, maana tovuti inamkaribisha mtu kwa Kihispania halafu anayepokea simu hajui hata neno moja. Basi, tutaiacha.

Kabla hamjaniuliza maswali, kila mtu atoe simu, afungue fomu ya kampuni yake, aandike Peña, abonyeze kutuma. Wewe wa mbele, anza. Imesemaje?