Laini ya Nyumbani: Tuibebe au Tuiweke Kabatini?

ZUHURA: Karibuni tena, wenzetu wa ughaibuni. Leo tuna masomo manne ya kuizoea nchi ya watu: lugha, majirani, mpangilio wa siku, na upweke wa mwaka wa pili. Ila Musa ameweka simu mbili mezani, na mnamjua Musa.

MUSA: Dada Zuhura, nipe dakika tano. Wiki hii nimehamisha akaunti zangu zote kutoka namba ya nyumbani kwenda namba ya huku, na kazi yenyewe nimeimaliza jana. Mambo yake bado yapo kichwani.

ZUHURA: Dakika tano, halafu lugha.

MUSA: Mtu akihama anafikiria pasipoti na kibali cha ukaazi. Lakini pasipoti inaombwa mara chache. Namba ya simu inaombwa kila ukitaka kuingia benki, kwenye barua pepe, kwenye mifumo ya serikali ya nyumbani. Na namba si mali yako. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni inaifunga, na baada ya muda inampa mtu mwingine. Muda huo hutofautiana: kuna kampuni za miezi mitatu, kuna za miezi mingi zaidi. Waulize kabla ya kuondoka.

ZUHURA: Wengi wanadhani laini iko hai kwa sababu meseji zinaingia.

MUSA: Ndiyo shida yenyewe. Kwa kampuni nyingi kupokea meseji hakuhesabiki kuwa matumizi. Kinachohesabika ni kitu unacholipia: kupiga, kutuma meseji, au kuongeza salio. Weka kikumbusho kwenye kalenda, tarehe moja kila mwezi, utume meseji moja ya kulipia. Na uhakikishe laini imefunguliwa kutumika nje ya nchi ukiwa bado nyumbani, maana kampuni nyingine hazikufungulii ukishavuka mpaka. Kisha uzime data ya laini hiyo, la sivyo simu itameza salio lote usiku mmoja ikijisasisha.

ZUHURA: Na anayetaka kuhama kabisa namba, kama ulivyofanya wewe, aanzie wapi? Watu wanakimbilia benki kwanza.

MUSA: Aanze na barua pepe. Kila akaunti nyingine ukiisahau nywila inakurudisha kwenye barua pepe, kwa hiyo barua pepe ikibaki na namba iliyokufa, milango yote imefungwa. Baada ya hapo benki, kisha serikali, na mitandao ya kijamii mwisho. Kila mahali utaratibu ni uleule: unaongeza namba mpya, unatoka kwenye akaunti, unaingia upya ukitumia namba mpya, na ikikubali ndipo unaifuta ya zamani. Ukiifuta ya zamani kwanza, na meseji ya uthibitisho ikakataa kufika nchi uliyopo, umekwama, na hakuna wa kukufungulia ila dawati la benki lililo ng'ambo.

ZUHURA: Nami ningesema popote wanapokubali, usitumie meseji kabisa. Tumia programu ya namba za uthibitisho, ile inayobadilisha tarakimu sita kila sekunde 30. Haihitaji mtandao wala laini. Inategemea saa tu. Ndiyo maana saa ya simu ikikosea, namba zinakataliwa na mtu anadhani akaunti imeibiwa. Acha simu ijirekebishe saa yenyewe.

MUSA: Na zile namba za akiba za kuingilia akaunti, wanazokupa mara moja tu, chapisha kwenye karatasi. Zikikaa ndani ya simu ileile, simu ikipotea zimepotea nazo.

ZUHURA: WhatsApp je? Maana huko ndiko familia iliko.

MUSA: WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba, kwenye mipangilio ya akaunti. Tumia hiyo, usifungue akaunti mpya. Makundi yote yanabaki, na unachagua nani ajulishwe. Weka na ile PIN ya tarakimu sita, ili hata namba yako ya zamani ikigawiwa mtu, asiingie akawa wewe. Usipoitumia akaunti kwa siku 120, kwa kawaida inafutwa.

ZUHURA: Hapo sawa. Kuna la benki ambalo watu hawalisemi: waambie kwamba hukai tena nchini. Tangu nchi nyingi zikubaliane na mfumo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi tajiri, wa kubadilishana taarifa za akaunti, uliopitishwa mwaka 2014, benki inakuuliza wewe ni mkaazi wa nchi ipi kikodi. Ukiacha anwani ya zamani, siku wakigundua wanasimamisha akaunti wakikuomba nyaraka. Na kama kuna ndugu atakayekusimamia mambo, mwandikie hati ya uwakilishi mapema. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 wa kutambuliana hati, muhuri wake uitwao apostili unatosha. Kama mojawapo haimo, jiandae kupita wizarani na ubalozini.

MUSA: Sasa nifike ninapotaka. Ukishahamisha kila kitu, laini ya nyumbani itoe kwenye simu yako. Iweke kwenye simu ya pili, simu iingie kabatini, uiwashe Jumapili.

ZUHURA: Hapo sipo.

MUSA: Ngoja nimalize. Jioni ndiyo saa pekee watu wa mahali wanapatikana: wamerudi kazini, wako nje, wako kwenye mazoezi. Mgeni saa hizo yuko kwenye kundi la nyumbani, anajibu salamu arobaini. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 hesabu ya saa ambazo watu hukaa pamoja mpaka wawe marafiki, na sehemu ya aliowahoji walikuwa wamehamia mji mpya karibuni. Takriban saa 50 kutoka kufahamiana hadi urafiki wa juujuu, 90 hadi rafiki, na zaidi ya 200 hadi rafiki wa ndani. Na saa za kazini hazikusaidia sana. Piga hesabu: saa moja kwa wiki, unafika 90 baada ya karibu miaka miwili. Saa tatu kwa wiki, wiki 30. Hizo saa tatu ndizo zinazoliwa na simu.

ZUHURA: Hesabu naikubali, dawa siikubali. Msiba haungoji Jumapili. Mzazi akiugua Jumanne, wewe unapata habari siku ya tano, na hapo ndipo mtu anaanza kujichukia ugenini. John Berry, aliyechambua namna wahamiaji wanavyoishi kati ya tamaduni mbili, alitaja njia nne: kushika zote mbili, kuacha yako, kujifungia kwenye yako, au kukosa zote. Wanaoshika zote mbili kwa kawaida huwa na afya njema zaidi ya akili. Kabati lako linawasukuma watu waache yao.

MUSA: Berry anazungumzia msimamo wa mtu katika maisha. Mimi nazungumzia saa moja usiku. Anayefungua kundi mara hamsini kwa siku hajashika zote mbili. Amejifungia kwenye yake huku anakaa nchi nyingine. Na kwa dharura, namba mpya wanayo watu watano wanaostahili kukuamsha.

ZUHURA: Watano! Nani atachagua watano? Shangazi wa sita akijua hana namba yako, hiyo ni jeraha la miaka. Nyamazisha makundi, zima mlio baada ya kazi, ila laini ibaki mfukoni.

MUSA: Kunyamazisha hakufanyi kazi. Mkono unaifuata simu hata ikiwa kimya.

ZUHURA: Basi mfundishe mtu kuutuliza mkono. Usimfundishe kuwaficha watu wake. Hasa mwaka wa pili, kaka Musa. Mtafiti Lysgaard, mwaka 1955, aliwaangalia Wanorwe waliokwenda Marekani, na waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana kuzoea kwa tabu kuliko wa muda mfupi zaidi na wa muda mrefu zaidi. Miezi hiyohiyo wewe unamwambia afunge simu kabatini?

MUSA: Lysgaard alimuuliza kila mtu mara moja tu, baada ya kurudi. Alilinganisha watu tofauti. Hakumfuata mtu mmoja mwezi kwa mwezi. Utafiti wa miaka ya 1990 uliowafuata watu tangu walipofika ulikuta tabu iko juu mwanzoni, si katikati. Kwa hiyo miezi ya kwanza ndiyo ya kuzilinda jioni.

ZUHURA: Na miezi ya kwanza ndiyo mtu anahitaji sauti ya kwao kuliko wakati wowote! Ushahidi wako unanipa mimi nguvu.

MUSA: Hapana, haunipokonyi kitu. Anayehitaji sauti apige simu, azungumze na mtu mmoja nusu saa, akate. Kundi si sauti.

ZUHURA: Hatutakubaliana.

MUSA: Leo hatutakubaliana.

ZUHURA: Na fundi wa mitambo anatuonyesha vidole viwili, dakika zimekwisha. Lugha, majirani, mpangilio wa siku, vyote vimebaki kwenye karatasi. Niseme moja tu la lugha kwa anayeanza kesho?

MUSA: Sema.

ZUHURA: Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia lugha huhesabu saa za darasani: Kihispania 600 hadi 750, Kijapani 2,200. Kwa hiyo usijipime kwa miezi uliyokaa, jipime kwa saa ulizosoma. Mengine wiki ijayo, na Musa aache simu zake nje.

MUSA: Moja nakuja nayo. Na wasikilizaji, kabla hamjaifunga laini ya zamani, fungueni barua pepe mtafute neno "uthibitisho" na majina ya benki zenu. Kuna akaunti mliyoisahau humo ndani, na bado inatuma namba kwenye laini hiyo.