Kengele ya Wezi Hupimwa Kuran Ikikatika

Akina mama na akina baba, karibuni. Juu ya meza hii kuna kengele ya wezi nzima kama inavyouzwa mjini: sentrali, yaani kisanduku kinachoamua, detekta nne za kuona mwendo, kontakti mbili za sumaku za mlangoni, king'ora, na kifaa cha laini ya simu kitakachokupigia. Dukani watakuonyesha jambo moja: mtu anapita mbele ya detekta, king'ora kinalia. Sawa, basi inafanya kazi dukani, mchana, kuran, yaani umeme, ikiwepo. Mwizi hachagui saa hiyo.

Kengele ni mnyororo. Detekta ione, waya upeleke habari, sentrali iamue, betri itoe nguvu, king'ora kilie. Tuseme kila kiungo hufanya kazi mara 95 katika 100. Zidisha 0.95 mara tano, unapata 0.77: karibu safari moja katika nne, mahali fulani patakwama. Kwa hiyo acheni kwanza kubishana juu ya chapa. Tafuteni kiungo dhaifu. Hapa Bukavu, kwa delestaji hii, yaani kukatwa umeme kwa zamu, tunayoishi nayo, mimi ninaanza na betri.

Angalieni hii, ya volti 12, saa-ampea 7, yaani kwa karatasi inatoa ampea 1 kwa saa 7. Sentrali inakula miliampea 80, kifaa cha simu 60, detekta nne kwa 15 kila moja ni 60. Jumla 200, yaani ampea 0.2. Gawanya 7 kwa 0.2: saa 35. Fundi atakuambia hivyo na kuishia hapo. Lakini chaja iliyo ndani ya sentrali nyingi za bei rahisi hutoa kama ampea 0.35 tu. Kama mtaani kwenu kuran inakuja saa 6 kwa siku, betri inaingiza saa-ampea 2.1. Saa 18 zilizobaki inatoa 3.6. Kila siku deni la 1.5! Siku ya kwanza, giza likiisha, inabaki na 3.4, ya pili 1.9, ya tatu 0.4, ya nne imezima kabla kuran haijarudi. Na hiyo ni betri mpya, tena kwa hesabu ya karatasi. Betri ya risasi hairudishi yote unayoiingizia.

Wengi hukimbilia kununua betri kubwa, ya saa-ampea 18. Inachelewesha tu, kwa sababu chaja ni ileile. Kinachosaidia ni kuongeza kinachoingia: paneli ya jua ya wati 30 na rigileta yake, kifaa kinachodhibiti chaji, pamoja na fyuzi karibu na betri. Saa tatu za jua zuri hutoa kama saa-ampea 5, na mfumo wetu unakula 4.8 kwa siku nzima. Inatosha kwa shida. Wiki ya mvua mfululizo haitatosha.

Betri iliyochoka ni mwongo mkubwa. Ipime ikiwa imetulia, multimeta, kipimo cha umeme, itasoma volti 12.6 na utafurahi. Sasa liza king'ora, kinachovuta karibu ampea 1, huku ukitazama namba. Ikiporomoka hadi 10 au 9, hiyo ni ya kutupa. Fanyeni hivyo baada ya kuzima disjonkta, swichi kuu ya umeme wa nyumba, usiku kucha, si dakika tano baada ya kuizima.

Waya nao. Katika mzunguko uliofungwa vizuri kuna rizista ndogo mwishoni, kipande kinachozuia umeme kidogo ili sentrali itambue kama waya ni mzima, na mahali pake ni ndani ya detekta. Fundi mwenye haraka huiweka ndani ya sentrali, maana ni rahisi kuifikia. Matokeo: mtu akiunganisha nyaya mbili njiani, sentrali inaendelea kuona rizista yake na kuamini kila kitu ni salama. Fungua kifuniko cha detekta uangalie. Ukikuta nyaya mbili tupu bila rizista, mwite arudi, na usimlipe mara ya pili.

Radi tunaijua. Kabare, hapa jirani, setilaiti zimehesabu miali kama 205 kwa kilomita mraba kwa mwaka. Ni kati ya sehemu zinazopigwa zaidi duniani. Mshtuko ukipita kwenye waya mrefu unaweza kugandisha vibao vidogo ndani ya kontakti ya mlango. Mlango unafunguka, sentrali inaona umefungwa. Hakuna taa itakayokuambia. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa ya radi, fungua kila mlango taratibu na usome kwenye sentrali. Kwa mlango wa chuma nunua kontakti iliyotengenezwa kwa ajili ya milango ya chuma. Ya kawaida hupoteza nguvu ya sumaku.

Detekta ifungwe mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, kwenye kona, isitazame dirisha. Inamwona anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, basi mjaribu kutembea kwa njia zote mbili. Zile zisizo na waya: toa betri ya detekta moja, subiri siku nzima. Sentrali isipolalamika, haijui hata kama detekta ipo.

Imebaki laini ya simu. Inaisha unite, yaani salio, kimyakimya, au inafungwa kwa kukaa bila kutumika. Weka namba mbili za kupigiwa, moja ya zamu, yaani mlinzi wa parseli. Kisha ufanye jaribio saa nane usiku, mtaa mzima ukiwa gizani, kwa sababu mnara wa simu nao una betri zake, na saa hiyo ndiyo utajua kama bado zina kitu.