Kivuli cha Mawimbi na Kiini cha Dunia

Ndugu wasikilizaji, shimo lenye kina kirefu kuliko yote aliyochimba binadamu, lile la Kola huko Urusi, liliishia mita 12,262. Kutoka hapa juu hadi kitovu cha dunia ni kilomita 6,371 hivi. Huko kwingine hakuna aliyefika. Habari zake tunaletewa hasa na matetemeko ya ardhi.

Tetemeko hupeleka ndani mawimbi ya aina mbili. Ya P huubana na kuuachia mwamba kuelekea yanakokwenda, nayo hutangulia kufika. Ya S huutikisa kiupande, na katika kitu kiowevu hayapiti kabisa. Hilo la S naomba mlishike.

Mwaka 1906 mtaalamu wa matetemeko Richard Oldham alionyesha kwamba dunia ina kiini. Beno Gutenberg akakadiria kuwa kinaanzia kilomita 2,900 chini, na mwaka 1926 Harold Jeffreys akatoa hoja kwamba ni kiowevu: vituo vilivyo mbali na tetemeko, kupita nyuzi 104 hivi za mzingo wa dunia, havipokei mawimbi ya S yaliyonyooka. Ya P nayo hupindishwa yakiingia kiinini, yakaacha ukanda wa kivuli, yaani mahali yasikofika, hadi kama nyuzi 140. Ukanda huo ulitarajiwa kuwa kimya.

Haukuwa kimya, na hapa ndipo ninapomstahi sana Inge Lehmann wa Denmark. Katika rekodi za tetemeko la New Zealand la 1929 aliona mawimbi hafifu ya P mle mle kivulini. Wengine walidhani yamejipinda tu ukingoni mwa kiini. Yeye alikaa na hesabu, na mwaka 1936 akatangaza kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine kinachoyarudisha mawimbi hayo. Leo tunajua ni kigumu, na nusu kipenyo chake ni kilomita 1,220 hivi.

Kazi haijaisha. Chini ya Afrika na chini ya Pasifiki, juu kidogo ya kiini, kuna maeneo mawili makubwa mno ambamo mawimbi ya S hupunguza kasi. Ni joto, au ni mwamba wa aina nyingine? Kasi peke yake haitoshi kuamua. Kwa hiyo watafiti hupima pia mtikisiko wa dunia nzima, ule unaoendelea kwa siku kadhaa baada ya tetemeko kubwa kama la Chile la 1960, kwa sababu huo huathiriwa na msongamano wa mwamba pia.