Nani Alikaa Nyuma ya Darasa Lako?

Mwangaluka! Naona wenyeji mmeitikia hata sijamaliza. Mkuu wa chuo, wakufunzi, walimu wenzangu mliotoka shule za jirani, nanyi vijana mliojaa hadi madirishani, asanteni kwa kunikaribisha tena Tabora.

Nimeombwa nieleze namna mtu anayeanza anavyoweza kupata cheti cha kufundisha Kiingereza nje ya nchi. Najua kwa nini ukumbi umejaa. Humu wamo watu waliomaliza shahada miaka mitatu iliyopita, ajira hazijawafikia, na wanajitolea shuleni kwa posho inayoishia kwenye nauli ya bodaboda. Mtu wa namna hiyo akiona tangazo la kazi Asia, moyo unaruka. Wangu ungeruka pia.

Mwaka jana kijana mmoja alinipigia simu. Alikuwa amelipia cheti kupitia simu yake ya mkononi, cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, kimeandikwa "TEFL, saa 120". Nikamuuliza alisoma kwa muda gani. Akasema siku tatu. Nikamwomba tupige hesabu pamoja: siku tatu, usiku na mchana, bila kulala wala kula, ni saa 72. Alinyamaza. Fedha ile ilikuwa ya mama yake, ya kuuza asali. Ukimya ule ndio ulionifanya nikubali mwaliko huu.

Basi tuweke jambo moja wazi. TEFL si cheti. Ni jina la kazi yenyewe, kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, na jina la kazi halina mwenyewe. Yeyote mwenye tovuti na printa anaweza kulichapa juu ya karatasi. Vyeti viwili vinavyotambulika zaidi kwa anayeanza vina majina yake kamili: CELTA, kinachotolewa na Cambridge, na CertTESOL, kinachotolewa na Trinity College London. Vyote viwili viko ngazi ya tano katika mfumo wa sifa wa Uingereza na vinasimamiwa na mdhibiti wa mitihani wa huko, Ofqual. CELTA ina saa zisizopungua 120 za kukaa na wakufunzi. Namba hiyo ndiyo waajiri wengi wameishika kama kipimo, na ndiyo maana wauzaji wa karatasi huichapa kwa herufi kubwa.

Lakini kiini cha kozi hizo hakiko kwenye 120. Kiko kwenye sita. Kila mwanagenzi lazima afundishe saa sita, wanafunzi wa kweli, si wenzake waliojifanya wanafunzi, na wa viwango viwili tofauti. Kila mara anapofundisha, mkufunzi amekaa nyuma na kalamu. Kipindi kikiisha, mnaketi kikundi kizima, mnakichambua. CELTA haina mtihani wa mwisho. Kuna kazi nne za kuandika, kuna saa sita za kuwatazama walimu wazoefu wakifundisha, na kuna yule mtu wa nyuma. Kwa anayesoma kutwa ni wiki nne au tano, na wiki hizo ni nzito. Niliona watu wazima wakilia kwenye ngazi.

Mimi nilisoma CertTESOL nikiwa Uingereza, nilikokuwa nimemfuata mume wangu aliyekuwa masomoni. Kozi ya Trinity ina sehemu ambayo CELTA haina, nami ninaipenda mpaka leo: unafundishwa lugha usiyoijua kabisa, kwa saa chache, ili ukumbuke mwanafunzi anavyojisikia. Sisi tulipewa Kituruki. Mwalimu aliingia, hakusema neno hata moja la Kiingereza. Akainua kitu: "Bu ne?" Kisha akajijibu: "Bu kalem." Akainua kingine: "Bu kitap." Kingine: "Bu defter." Wenzangu Waingereza wamekunja uso, mimi nimekaa nashangaa. Kalamu, kitabu, daftari! Maneno ambayo lugha zote mbili ziliyapata kwa njia za Waarabu na Waajemi yalikuwa yananiita kwa jina langu katikati ya London. Kwa dakika ishirini nilikuwa mwanafunzi bora. Kisha vitenzi vikaanza, nikapotea kama wengine.

Nilipotoka pale nilifikiria watoto wetu. Mtoto wa Urambo au Sikonge anaweza kutoka nyumbani na Kinyamwezi, akaingia darasa la kwanza kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza akaambiwa karibu kila somo sasa ni kwa Kiingereza. Ninyi mmepita huko. Wenzangu walihitaji Kituruki ili wajue hofu ile, na walikuwa wakisimulia habari yake wiki nzima.

Sasa niwaambie kuhusu kipindi changu cha kwanza cha kupimwa. Nilikuwa nimeshafundisha miaka sita hapa nchini, BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuo, nilipata alama nzuri, andalio la somo naweza kuliandika nimefumba macho. Nikaingia kwa kujiamini. Wanafunzi kumi na wawili: Wakolombia, Wakurdi, mama mmoja wa Kisomali. Nikafundisha "used to". Nikaeleza vizuri, ubao umepangika, nikauliza kama mmeelewa, wakasema ndiyo. Tulipokaa kuchambua, mkufunzi alisoma daftari lake bila ukali wowote: katika dakika 40, mimi nilikuwa nimesema dakika 29. Kisha akaniuliza: "Ulijuaje kwamba wameelewa?" Nikasema, walisema ndiyo.

Wenzangu, tuongee ukweli wetu. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Darasa la watu themanini linaitika kama kwaya, na mwalimu anasonga mbele. Mtoto anaitika kwa heshima, haitiki kwa sababu ameelewa. Nilikuwa nimebeba kwaya hiyo hadi Ulaya bila kujua.

Dawa niliyofundishwa ni ndogo. Ukitaka kujua kama mtu ameelewa "I used to live in Tabora", usimuulize kama ameelewa. Muulize: je, naishi Tabora sasa? Hapana. Niliwahi kuishi? Ndiyo. Ilikuwa siku moja au muda mrefu? Maswali matatu mafupi, na jibu haliwezi kubahatishwa kwa kuitikia. Wenye kazi hii huyaita maswali ya kupima dhana, nanyi mnaweza kuyatumia Jumatatu asubuhi bila cheti chochote. Mimi nilihitaji mtu wa nyuma ili niyajue, kwa maana miaka sita hakuna aliyekuwa amenihesabia dakika.

Hapo nataka kukaa kidogo, maana wengi mnadhani udhaifu wenu ni kuwa si wazaliwa wa Kiingereza. Kuna upande ambao ni kweli, na kuna upande ambao ni kinyume kabisa.

Upande wa kweli ni sauti. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kawaida cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka moja hadi nyingine. Mimi "ship" na "sheep" nilikuwa nazitamka sawa, na nilikuwa mwalimu! Nilishinda usiku na chati ya alama za sauti, nikijisikiliza kwenye simu. Anzeni mapema. Msisubiri kozi.

Upande wa pili ni huu. Mwenzangu mmoja, Mwingereza mwerevu, aliulizwa na mwanafunzi kwa nini husemi "he has worn a red shirt" kwa mtu aliyesimama mbele yako. Akajibu: "Haisikiki vizuri." Hakuwa na zaidi. Mimi nilikuwa na zaidi, kwa sababu kosa hilo ndilo letu. Sisi tunasema "amevaa shati jekundu", na ile -me- yetu inabeba tendo lililokwisha pamoja na hali iliyobaki: amevaa, amelala, amekaa, amesimama. Mwanafunzi wetu anaichukua -me- anaipeleka moja kwa moja kwenye "has", na Kiingereza kinamkatalia, maana hapo chenyewe kinataka "he is wearing", "he is asleep". Vivyo hivyo yule anayemwita mama yake "he". Hana kiburi wala uzembe. Lugha yake ina "a-" moja kwa watu wote. Aliyejifunza lugha kwa jasho anajua mashimo yako wapi. Kwenye kazi za kuandika nilipata maoni mazuri kuliko kwenye jambo lolote, na yalikuwa ya uchambuzi wa makosa.

Haya, pasipoti. Hili wauzaji hawalisemi, na linaumiza, kwa hiyo nalisema mapema kabla mtu hajauza ng'ombe. Korea Kusini, kwa visa yake ya walimu wa lugha inayoitwa E-2, hupokea kwa somo la Kiingereza raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Cheti kizuri kuliko vyote hakitakufanya wa nane. China nayo kwa kawaida hutaka walimu wa Kiingereza watoke nchi ambazo hiyo ni lugha ya kwanza. Japani, kwa visa ya kufundisha shuleni, huangalia kama umesoma miaka 12 kwa lugha unayotaka kuifundisha. Hesabuni: shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari miaka sita, shahada miaka mitatu. Tisa. Aliyesoma shule ya msingi ya Kiingereza anaipita hiyo 12 kwa urahisi, wengine hapana. Thailand imekuwa wazi zaidi: hutaka shahada, na kwa asiye mzaliwa wa lugha hutaka matokeo ya mtihani kama TOEIC au IELTS.

Kwa hiyo nchi kwanza, cheti baadaye. Sheria za visa hubadilika, basi uliza ubalozi wenyewe, usiulize kundi la WhatsApp. IELTS inafanyika Dar es Salaam, na matokeo yake huhesabiwa halali kwa miaka miwili, kwa hiyo usiufanye kabla hujajua unakwenda wapi. Wakala wa ajira akikufuata, muulize leseni yake, kisha uihakiki TaESA, ile ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Vyeti vya NECTA na chuo, cheti cha tabia njema kutoka polisi, mihuri ya Mambo ya Nje: hayo ni foleni tu, yanakwisha.

Ada ya CELTA katika vituo vya Uingereza hupita pauni 1,000. Siku hizi kozi nzima inaweza kusomwa kwa intaneti, ukifundisha wanafunzi wa kweli kupitia skrini, na hilo limewaondolea wengi nauli na visa. Ila ada ipo palepale, na umeme ukikatika katikati ya kipindi cha kupimwa, ni kipindi chako kimekatika.

Kuna mlango mwingine ambao vijana wengi wameupita bila kuuona. Serikali ya Marekani ina mpango wa Fulbright ambao umekuwa ukiwachukua walimu vijana wa Kiingereza, Watanzania wakiwamo, kwenda kufundisha lugha yao wenyewe kwenye vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Lugha yao wenyewe, yaani Kiswahili. Huko hakuna atakayekuuliza kama wewe ni mzaliwa.

Mji huu una historia ya jambo hili. Julius Nyerere alifundisha baiolojia na Kiingereza hapa Tabora, shule ya Mtakatifu Maria, kuanzia 1946 hadi 1949, ndipo akaenda Edinburgh. Alipoondoka alikuwa mwalimu tayari, mwenye stashahada ya Makerere na miaka mitatu ya chaki.

Mkuu wa chuo ameniambia bado tuna nusu saa. Maswali yatasubiri kidogo. Dada uliyekaa mstari wa pili, mwenye daftari la bluu, naomba uje hapa mbele. Usiogope, chaki hii hapa. Tufundishe "used to" kwa dakika kumi, ukumbi mzima ni wanafunzi wako, na hakuna kuitikia kwa kwaya. Mimi naomba mnipishe nipite, nakwenda kukaa kule nyuma na saa yangu.