Nauli ni nauli, safari ni safari: ninavyopanga hela ya usafiri kwenye daftari la nyumbani

Haya mambo vipi wapendwa wangu wa huko nyumbani, leo siwaonyeshi majumba wala treni, leo nimekaa mezani na daftari la matumizi maana meseji zenu zimekuwa zile zile tu, eti dada hela ya usafiri inaishia wapi mbona kila mwezi tunakwama.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo jamani. Nilikuwa na safu moja nimeandika USAFIRI, humo humo nauli ya kazini, humo humo mafuta, tiketi ya ndege ya kuja kuwaona, faini ya paking, vyote vimerundikana kama nguo kwenye kiti. Mwezi jumla ikiruka nashtuka, nasema basi tupunguze mafuta, kumbe mafuta ya watu hayana kosa lolote, ni tiketi.

Sasa siku hizi kabla sijauliza nimepanda nini, nauliza nilikuwa naenda kufanya nini. Teksi ya kwenda kazini na teksi ya kutoka eapoti nikiwa likizo zote ni teksi, lakini hazikai pamoja, ya kwanza ni usafiri wa kila siku na ya pili ni safari. Safari naipa jina lake kabisa, tuseme "Safari ya Desemba", halafu tiketi, begi la ziada, viza, bima ya safari, chumba, hadi ile teksi, vyote vinaingia humo, ndo unakuja kugundua kwamba tiketi ilikuwa nusu tu ya mambo. Chakula cha safarini watu tunabishana, mimi nakiweka kwenye safari, wewe ukikiweka kwenye chakula sawa tu, ila usibadili katikati ya mwaka maana hutaweza kulinganisha.

Gari sasa, hapo ndo pana kazi. Mafuta unayaona kila wiki kwa hiyo hayakudanganyi, kinachokudanganya ni vile vinavyokuja mara moja kwa mwaka: bima, matairi, sevisi kubwa. Kama bima ni 1,200 kwa mwaka mimi natenga 100 kila mwezi, siku ya kulipa ikifika hela ipo. Na ukijaza tenki andika lita na kilomita pia, sio hela peke yake. Umejaza lita 40 na umetembea kilomita 500 tangu ulipojaza mara ya mwisho, hiyo ni lita 8 kwa kila kilomita 100, siku ikipanda hadi 10 na njia ni zile zile, mpeleke fundi aangalie, bei ya mafuta isingekwambia hilo. Faini niliipa mstari wake peke yake, yaani inauma kuiangalia na ndo nilikuwa nataka iume.

Halafu kuna mitego miwili mitatu. Ukiongeza salio kwenye kadi ya basi halafu ukaandika tena kila ukipanda, umehesabu mara mbili, chagua moja, mimi naandika siku ya kuongeza salio basi. Kadi ya mkopo vile vile, tiketi iandike siku uliyonunua, ukija kulipa deni la kadi hayo sio matumizi mapya. Na kama ofisi inakurudishia nauli, usiiandike kama kipato, utajiona tajiri bure, iweke mstari ule ule iliyotokea ikapunguze.

Ila msije mkatengeneza makundi 20, nilishajaribu, wiki ya pili nikaacha kuandika kabisa. Mimi nina manne tu: kila siku, gari, safari, na nauli ya kazi inayorudishwa na ofisi.

Ngoja nikaingize hizi risiti za paking sasa hivi, karatasi zake zinafifia mpaka huoni hata tarehe, na hii ya juu hapa naona imeshaanza.