Barabara ya 101: Tunashuka Pwani ya Oregon

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wakubwa zangu wote shikamooni. Hapa nilipo ni Astoria, jimbo la Oregon, mto Columbia unapoingia bahari ya Pasifiki. Upepo unaovuma kwenye maiki mniwie radhi, sina la kuufanya. Mwezi wa saba huu, kiangazi, na nimevaa koti! Liangalieni hilo daraja nyuma yangu. Kilomita sita na ushee, linavuka hadi jimbo la Washington. Lilifunguliwa mwaka 1966, na kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni. Watu wa Kigamboni mmenielewa.

Leo tunashuka na barabara ya 101 kuelekea kusini. Pwani ya Oregon peke yake ina kama kilomita 584, kulia kwako bahari, kushoto msitu. Ukija siku moja, anzia huku kaskazini. Marekani gari linapita kulia, kwa hiyo sehemu za kuegesha na kutazama bahari zote zinakuwa upande wako, hukati barabara kumpisha mtu na lori lake la magogo. Na hayo malori ya magogo yapo, tena hayana utani.

Haya, tumeingia Cannon Beach. Jiwe hilo mnaloliona limesimama majini linaitwa Haystack Rock, urefu wake mita 72. Maji yamekupwa, tunalifikia kwa miguu. Ngoja niinamishe simu mwone kwenye vidimbwi: kome wamejazana, viti vya pweza vya rangi ya chungwa na vya zambarau, hiki hapa kinanizidi kiganja. Mtu wa Tanga nikiona kome wengi hivi mate yananitoka, lakini hapa kuokota marufuku, eneo limehifadhiwa. Nimetia kidole majini nikakitoa hapo hapo. Baridi ya friji! Kuogelea waachieni wenye nguo za mpira.

Sasa nataka tukae hapa kidogo, maana kilichonileta hasa sio jiwe. Tazameni mchanga huu. Kule juu hoteli, nyumba za mamilioni ya dola, halafu chini watoto wanakimbiza mbwa, mzee kakunja suruali anatembea, na mimi hapa nimepita na ndala zangu. Hakuna ukuta, hakuna mlinzi wa kuniuliza "dada, wewe mgeni wa nani?"

Hiyo haikuja hivi hivi. Zamani huku hapakuwa na barabara ya maana, watu walipita ufukweni kwa farasi na mikokoteni, maji yakipwa. Mwaka 1913 gavana Oswald West akaitumia desturi hiyo kwa ujanja: ikapitishwa sheria kwamba mchanga unaofunikwa na maji ni barabara ya umma. Basi, nani atauza barabara? Ila mchanga mkavu wa juu haukutajwa. Mwaka 1966, hapa hapa Cannon Beach, mwenye hoteli mmoja akaweka uzio, mchanga wa wageni wangu tu. Watu wakawaka. Gavana mpya, Tom McCall, akapanda helikopta akaja pwani na wapimaji, vigingi vikapigiliwa kuonyesha mpaka, na mwaka 1967 akatia saini sheria: mchanga wote hadi majani yanapoanza kuota, umma una haki ya kuutumia. Kesi ikafika hadi mahakama ya juu ya Oregon. Mwaka 1969 majaji wakasema watu wameutumia ufuko huu tangu enzi na enzi, hiyo ni desturi, na desturi ina nguvu ya sheria.

Na sisi sheria tunayo, jamani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Sasa tembea Mbezi mpaka Kunduchi unihesabie kuta. Vijana wa Dar wanaona bahari kupitia geti. Wakenya nao wanazijua njia za kwenda baharini zilizomezwa na viwanja vya watu. Sitaji mtu, naendesha gari mie.

Tillamook tumeonja jibini ya ushirika wa wafugaji, ni tamu, twende mbele. Neskowin nimesimama kwa ajili ya visiki. Wimbi likirudi, vinachomoza mchangani, vyeusi, vimeota kome: mabaki ya msitu wa miaka kama 2,000 iliyopita, ulioliwa na bahari. Pwani hii ina matetemeko. Lile kubwa lilipiga tarehe 26 Januari 1700, na tarehe inajulikana kwa sababu wimbi lake lilivuka hadi Japani, Wajapani wakaliandika. Ndio maana kila mji tunaopita una vibao vya bluu vya njia ya kukimbia tsunami, vimechorwa mtu anapanda mlima na wimbi nyuma yake. Desemba 2004 tsunami iliua watu hata Dar es Salaam, na sisi tulikuwa hatuna kibao hata kimoja.

Mafuta nimeweka Newport, mhudumu kaniwekea. Oregon ilikuwa marufuku kujiwekea mafuta mwenyewe tangu 1951 hadi 2023! Mbele kidogo ni Florence, na siwezi kupita bila kuwacheka. Mwaka 1970 nyangumi mfu alitupwa ufukweni hapa, ananuka, wakubwa wa barabara wakaona dawa ni baruti, nusu tani. Minofu ikaruka juu, ikashukia watazamaji, na gari la mtu likabondwa. Mji haukuona haya, una bustani ya kumkumbuka huyo nyangumi.

Tumeshavuka mpaka, hii ni California, na gari nimeliegesha chini ya miti ya redwood, ndani ya hifadhi ya taifa ya Redwood. Simu inashindwa kufika juu. Chini ni kangaga zinazonifika kiunoni na ukungu, na huo ukungu ndio unaoinywesha miti hii kiangazi, mvua ikikosa. Mrefu kuliko yote duniani unaitwa Hyperion, mita 115 na zaidi, uko ndani ya hifadhi hii, na ukiufuata unapigwa faini, maana wageni walikanyaga mizizi wakaharibu chini yake. Misitu ya asili ya redwood iliyobaki ni kama asilimia 5, sehemu kubwa ilishakuwa mbao kabla hifadhi haijaanzishwa mwaka 1968. Watu wa Amani na Lushoto mnanisikia? Na mrefu kuliko yote Afrika uko kwetu, mkukusu wa Kilimanjaro, mita 81.5. Niambieni nani amewahi kuuona kwenye tangazo la utalii.

Wanaouliza mje lini: mwezi wa tisa, ukungu unapungua na watoto wamerudi shule. Lete koti, lete viatu vya kulowa, na ukiwa ufukweni usiipe bahari mgongo, huku wimbi linapanda ghafla na gogo lake. Chaji imebaki asilimia nne, nawasha gari.