Gesi Ndiyo Inayoamua: Mhadhara Kuhusu Volkeno za Rungwe

Waheshimiwa walimu, wazee wetu, na vijana mliofika hapa Tukuyu, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Mezani nimeweka beseni la maji na mawe mawili. Jeusi limetoka kando ya Mto Kiwira. La kijivu, lenye matundu madogo yasiyohesabika, limetoka kwenye ukingo wa barabara chini ya Mlima Rungwe. Nikiyatumbukiza majini, kama mnavyoona, jeusi linazama na la kijivu linaelea. Yote mawili yalikuwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, lakini moja lilitiririka na jingine likarushwa angani.

Kwanza, kwa nini hapa kwetu? Mkoa wa Mbeya uko mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana: ule wa Rukwa, ule wa Usangu na ule wa Ziwa Nyasa. Ganda la dunia linapovutwa huwa jembamba, mwamba wa moto ulio chini yake hupanda, na kwa kuwa mgandamizo umepungua, sehemu yake huyeyuka bila kuongezewa joto. Michoro mingi ya shuleni huonyesha bahari ya moto chini ya miguu yetu, nami naona imetupotosha, kwa sababu tabaka lililo chini ya ganda kwa sehemu kubwa ni mwamba mgumu.

Magma ikishaundwa hupanda na kukusanyika katika chemba, kilomita kadhaa chini ya mlima. Kutoka chembani kuna njia kuu inayofika kwenye mdomo, na shimo linalouzunguka mdomo huo ndilo kreta. Mlima wenyewe ni lava na majivu ya milipuko mingi, tabaka juu ya tabaka. Si lazima magma ipite katika njia kuu: Kyejo, volkeno jirani yetu, ilipotoa lava mnamo mwaka 1800 hivi, lava hiyo ilitokea ubavuni.

Sasa turudi kwenye mawe. Magma ikiwa kina kirefu hubeba mvuke wa maji, kabonidayoksaidi na gesi za salfa, zote zikiwa zimeyeyukia ndani yake. Inapopanda, mgandamizo hupungua na gesi huanza kujitenga kwa viputo. Katika magma ya basalti, iliyo majimaji na yenye joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, viputo hupenya na kutoka kwa urahisi, na lava humwagika ikifuata mabonde. Mwamba wa Daraja la Mungu, lile daraja la asili juu ya Kiwira, ni lava ya namna hiyo. Katika magma yenye silika nyingi, yaani kitu kilekile kinachounda mchanga mweupe na kioo, ambayo ni nzito kama ugali na inanata, viputo hunaswa, huvimba na kusukumana mpaka magma yote inapasuka vipande vipande na kufyatuka kupitia mdomoni. Matundu ya jiwe hili la kijivu ni viputo hivyo, vilivyogandishwa kabla ya kutoroka.

Rungwe ulilipuka kwa namna hiyo yapata miaka 4,000 iliyopita, na wataalamu waliopima unene wa tabaka la mawe haya na ukubwa wa chembe zake wanakadiria kuwa wingu lake lilipanda zaidi ya kilomita 30. Kwenye Mlima Ngozi mambo yalikwenda mbali zaidi. Chemba ilipotapika sehemu kubwa ya magma yake, paa lake lilikosa kitu cha kulibeba likaporomoka, na shimo pana lililobaki, liitwalo kaldera, ndilo lenye ziwa tunalopeleka wageni kulitazama.

Je, yamekwisha? La. Chemchemi za maji moto ziko Songwe, na kabonidayoksaidi inayotoka ardhini katika wilaya hii huvunwa na kuuzwa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya kwenye mashimo na mabonde siku isiyo na upepo, na haina harufu ya kumtahadharisha mtu. Kwa hiyo mtoto asishuke shimoni mahali ambapo ndege au panya wameonekana wamekufa bila jeraha. Na ikitokea siku moja majivu yakaanguka, yafagiliwe mapema kwenye mapaa ya bati, kwa kuwa yakilowa mvua huwa mazito mno na yanaweza kuangusha nyumba.